Imani ya Wanaobeba: Kanisa na Familia Zinazolea Watoto wenye Mahitaji Maalumu

Mwinjili Marko anasimulia habari za watu wanne waliomleta kwa Yesu mtu aliyepooza, wakiwa wamembeba kitandani mwake (Mk 2:1-12). Nyumba ilikuwa imejaa, hata mlangoni hapakuwa na nafasi. Wale wanne wakapanda juu, wakachimba paa, wakamteremsha mwenzao mpaka mbele ya Bwana. Mahali pengi duniani wahubiri hulazimika kueleza kwanza jinsi paa linavyoweza kuchimbwa. Kwetu Singida maelezo hayo hayahitajiki sana. Wazee wetu waliishi katika tembe, nyumba yenye paa bapa la magogo, fito na udongo, ambalo mtu aliweza kupanda na kuanika nafaka juu yake. Anayeijua tembe anajua pia kwamba kutoboa paa lake ni kazi ya jasho na vumbi, na kwamba mwenye nyumba hatafurahi.

Jambo la kuzingatia ni neno linalofuata. Marko anasema kwamba Yesu aliiona imani yao. Hataji imani ya mgonjwa peke yake, bali ya wote waliofika pamoja, wakiwamo waliobeba. Makala hii inasimama juu ya neno hilo. Mtoto asiyeweza kutembea, kusema au kuelewa kama wenzake hufika kwa Kristo akiwa amebebwa na imani ya wengine, na wengine hao si wazazi wake tu. Wazazi ni wawili, na mara nyingi amebaki mmoja. Kitanda kina pembe nne.

Mama aliyeketi chini ya mti

Nianze kwa kukiri kosa. Katika miaka ya mwanzo ya upadre wangu, kwenye kigango kimoja, nilikatiza mahubiri kwa sababu ya mtoto aliyekuwa akipaza sauti nyuma ya kanisa. Nilisema, kwa upole kama nilivyodhani, kwamba wazazi watoke nje na watoto wanaosumbua ili wengine wapate kusali. Mama mmoja akainuka, akatoka na mwanawe wa miaka kama 11 akiwa amembeba mgongoni. Dominika zilizofuata nilimwona ameketi chini ya mti, hatua chache kutoka dirishani. Nilidhani anapenda kivuli.

Baada ya miezi kadhaa katekista ndiye aliyenieleza kwamba mtoto yule ana mtindio wa ubongo, kwamba sauti ile ndiyo njia yake pekee ya kuimba, na kwamba mama yake hutembea naye karibu saa mbili ili kufika Misa. Nilikwenda nyumbani kwake kuomba radhi. Alinijibu: “Baba, hata hapo chini ya mti tulikuwa tunasikia kengele.” Jibu hilo halikuwa na lawama, ingawa lingestahili kuwa nayo. Nilikuwa nimesoma falsafa na taalimungu kwa miaka mingi, na bado nilikuwa miongoni mwa wale walioziba mlango wa nyumba ya Kafarnaumu.

Je, ni laana?

Swali la kwanza ambalo familia hizi huulizwa, kwa maneno au kwa macho, ni lile la mitume walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu: nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake? Kwetu swali hilo huvaa nguo nyingine. Watu husema mama alivunja mwiko, au baba alimtoa mtoto kafara ili apate mali, au ukoo una deni kwa mizimu. Jibu la Yesu ni wazi: si yeye aliyetenda dhambi, wala si wazazi wake (Yn 9:1-3). Karne nyingi kabla ya hapo, nabii Ezekieli alikwisha fundisha kwamba mwana hatachukua uovu wa baba yake (Ez 18:20). Hivyo, Mkristo anayemwambia mama kuwa mtoto wake ni adhabu hasemi neno la Kanisa.

Ni vema pia waamini wafahamu yale ambayo tiba inatueleza, maana ujinga ni mbolea ya lawama. Mtindio wa ubongo hutokana na ubongo kudhurika kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au katika miaka ya mwanzo ya uhai: mtoto kuzaliwa kabla ya wakati, kukosa hewa wakati wa uchungu mrefu, manjano kali ya watoto wachanga, homa ya uti wa mgongo, au malaria iliyopanda kichwani. Sindromu ya Down hutokea pale mtoto anapokuwa na kromosomu ya 21 mara 3 badala ya mara 2. Ualbino hurithiwa kutoka kwa baba na mama kwa pamoja, hata kama wote wawili wana rangi ya kawaida. Kwa hiyo mume anayemfukuza mkewe kwa sababu hiyo anamfukuzia urithi ambao nusu yake ni wa kwake. Kifafa hakiambukizwi kwa mate wala kwa kumgusa aliyeanguka.

Mgongo wazi, ambao mara nyingi huandamana na kichwa kikubwa, hutokea katika majuma 4 ya kwanza ya mimba, mara nyingi kabla mama hajajua kuwa ni mjamzito. Upungufu wa asidi ya foliki mwilini ni mojawapo ya sababu zake. Baadhi ya unga wa viwandani huongezewa kirutubisho hicho. Unga wa mtama, uwele au mahindi tunaosaga kwenye mashine za kijijini hauna nyongeza hiyo. Ndiyo maana wanaojiandaa kupata mtoto wanashauriwa kuulizia vidonge vya foliki mapema, na siyo kusubiri mimba ionekane. Wakufunzi wa semina za ndoa parokiani wangefanya jambo jema kulitaja hilo.

Nafasi mezani: masakramenti

Baadhi ya familia hazimleti mtoto kubatizwa kwa aibu. Nyingine zimeambiwa kwamba mtoto “asiyejielewa” hana haja ya sakramenti. Mafundisho ya Kanisa ni tofauti.

*Ubatizo.* Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inawataka wazazi wahakikishe watoto wachanga wanabatizwa katika majuma ya kwanza (Kanuni ya 867), na haimtengi mtoto mwenye ulemavu. Hata mtu mzima asiye na matumizi ya akili huhesabiwa kuhusu Ubatizo kama mtoto mchanga (Kanuni ya 852): hubatizwa katika imani ya Kanisa.

*Katekesi.* Kanuni ya 777 inamwagiza paroko ahakikishe kwamba wenye ulemavu wa mwili au wa akili nao wanapata mafundisho kadiri hali yao inavyoruhusu. Kwa baadhi yao mafundisho hayo hayatakuwa maswali na majibu. Yatakuwa kugusa maji ya baraka, kubusu msalaba, kutazama mshumaa, kusikia wimbo uleule kila mara.

*Ekaristi Takatifu.* Baba Mtakatifu Benedikto XVI, katika Wosia wa Kitume *Sacramentum Caritatis* wa mwaka 2007, alifundisha kwamba wenye ulemavu wa akili waliobatizwa na kupata Kipaimara wapewe Komunyo inapowezekana, nao huipokea katika imani ya familia yao au ya jumuiya inayowasindikiza. Hapa tunaisikia tena sauti ya Injili ya Marko: Bwana aliiona imani yao.

*Kipaimara.* Kanuni ya 889 inadai maandalizi kwa yule mwenye matumizi ya akili. Kwa asiye nayo, sharti hilo halimfungii mlango.

*Kitubio na Mpako wa Wagonjwa.* Asiyeweza kutenda dhambi hana deni la kuungama. Anayeweza, asaidiwe kuungama kwa namna yake, hata kwa ishara. Aidha, ulemavu peke yake si ugonjwa wa kupakwa mafuta kila mara. Lakini mtoto mwenye ulemavu aliyefikia umri wa kufahamu, akiugua sana, aitiwe padre kama mgonjwa mwingine yeyote. Na panapokuwa na shaka kama amefikia ufahamu huo, Kanisa linaelekeza apewe sakramenti hiyo (Kanuni ya 1005).

Mtoto yule wa chini ya mti alipokea Komunyo ya Kwanza akiwa na miaka 14. Dada yake alimfundisha mwaka mzima kutofautisha Mwili wa Kristo na mkate wa chai kwa kumwonyesha kitambaa cheupe na kumwekea kidole midomoni, ishara ya kunyamaza. Siku ilipofika hakusema “Amina” kwa neno. Alikiona kitambaa, akafungua kinywa, akatulia. Kanisa zima lilitulia pamoja naye.

Kwa wazazi: mnaruhusiwa kuchoka

Wazazi wapendwa, kuna maneno ya faraja ambayo huongeza mzigo. Mtu husema, “Mungu humpa mzigo huu anayeuweza,” kisha anakwenda zake. Tusidanganyane: kumgeuza kitandani mtoto wa miaka 10 usiku mara tatu, kumlisha uji kwa kijiko kwa saa nzima ili asipaliwe, kumfulia, na kesho yake kwenda shambani kulima alizeti, ni kazi inayomaliza nguvu. Kuchoka si kukosa imani. Zaburi zimejaa watu wanaomuuliza Mungu kwa nini na hadi lini, na Kanisa huzisali kila siku. Baba wa kijana aliyekuwa akianguka moto na maji alimwambia Yesu kwamba anaamini, na papo hapo akaomba asaidiwe kutokuamini kwake (Mk 9:14-29). Yesu hakumfukuza. Alimponya mwanawe.

Wapo wanaojihukumu kwa sababu hawafiki Misa kila Dominika. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (na. 2181) inafundisha kwamba sababu nzito, kama vile ugonjwa au kuhudumia watoto wachanga, humwondolea mtu wajibu huo. Anayemhudumia mtoto asiyeweza kuachwa peke yake naye ana sababu nzito. Asijihesabu mwenye dhambi. Ila amwambie paroko, ili Ekaristi iletwe nyumbani.

Kwa akina baba nina neno moja. Ahadi ya ndoa ilitolewa kwa ajili ya raha na shida, na haikuweka sharti la mtoto wa aina gani atazaliwa. Katika familia nilizotembelea, mara nyingi niliyemkuta na mtoto ni mama peke yake au bibi. Baba aliyeondoka bado ni baba. Mlango wa kurudi upo, na padre wako tayari kukusindikiza mpaka mlangoni.

Neno la mwisho la sehemu hii linahusu mikutano ya uponyaji. Kuombea wagonjwa ni jambo takatifu, na Mungu huponya apendavyo. Lakini mtu yeyote akikuagiza umwachishe mtoto dawa za kifafa ili kuonyesha imani, usimtii. Kuacha dawa hizo ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokoma na kifo. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Barua ya Kitume *Salvifici Doloris* ya mwaka 1984, alifundisha kwamba mateso yaliyounganishwa na Msalaba wa Kristo yana thamani ya wokovu. Na katika barua hiyohiyo alimweka mbele yetu Msamaria Mwema, aliyefunga majeraha na kulipa gharama. Kutolea mateso na kutafuta tiba ni ndugu wawili wa mama mmoja.

Tiba, shule na sheria

Kuna hali ambazo wakati ndio dawa yake. Mtoto aliyezaliwa na nyayo zilizopinda, akianza kufungwa plasta katika majuma ya mwanzo, kwa kawaida hutembea vizuri. Akicheleweshwa miaka, atahitaji upasuaji mkubwa zaidi. Mdomo uliopasuka hushonwa. Kichwa kinachokua kwa kasi ni jambo la haraka, si la kusubiri mavuno. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo hufaidika na mazoezi ya viungo yanayoanza mapema, ambayo mzazi hufundishwa na kuyaendeleza nyumbani. Mtoto mwenye ualbino anahitaji kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua, kama yale yanayotengenezwa KCMC, Moshi. Na kwa kuwa macho yake huona kwa shida, aketi mbele darasani. Mlango wa kwanza ni zahanati ya kijiji. Kutoka hapo wapo wanaopewa rufaa kwenda hospitali ya mkoa au hospitali ambazo Kanisa limezijenga mkoani mwetu, kama Makiungu, Mtakatifu Carolus ya Mtinko na Mtakatifu Gaspar ya Itigi.

Kuhusu shule, Wakristo wana historia ya kujivunia na ya kuendelezwa. Mwaka 1950 Waanglikana walianzisha shule ya wasioona Buigiri, mkoani Dodoma. Mwaka 1963 Kanisa Katoliki likaanzisha shule ya viziwi Tabora. Mkoani Singida, Shule ya Msingi Ikungi Mchanganyiko hupokea pia wanafunzi wenye ulemavu, wakiwamo wasioona na wenye ualbino. Mtoto wako ana haki ya kusoma kama ndugu zake.

Haki hiyo imeandikwa. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009. Mwaka huohuo ikapatikana Sheria ya Mtoto, na mwaka 2010 Sheria ya Watu wenye Ulemavu, ambayo inakataza ubaguzi na kuelekeza kuwapo kwa kamati za watu wenye ulemavu hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Kumfungia mtoto ndani au kumfunga kamba wakati familia iko shambani, hata kama kumetokana na hofu au kukosa msaidizi, kunamwumiza mtoto. Hapo ndipo jumuiya inapopaswa kuuliza kwanza: nani angeweza kukaa naye?

Pembe nne za kitanda

Tuna utaratibu ambao tayari unafika mpaka kila nyumba: Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Napendekeza kila jumuiya ijigawie pembe nne.

Pembe ya kwanza ni kujua. Viongozi wa jumuiya watambue ni nyumba zipi zina mtoto mwenye mahitaji maalumu, wakienda kwa heshima kama wageni, bila daftari la upelelezi. Sala ya juma ifanyike pia katika nyumba hiyo, na mtoto awepo.

Pembe ya pili ni muda. WAWATA na VIWAWA wanaweza kupangiana zamu ili mara moja kwa juma mtu akae na mtoto kwa saa tatu. Kwa mama ambaye hajawahi kwenda mnadani peke yake tangu mtoto azaliwe, saa tatu ni zawadi kubwa kuliko kitenge.

Pembe ya tatu ni njia. UWAKA wanaweza kutengeneza mteremko wa saruji penye ngazi za kanisa, kuchonga kiti kutokana na mbao za kawaida, au kuchangia mafuta ya pikipiki kwa siku za kliniki. Halmashauri zina fungu la mikopo la asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Mwenye uelewa wa mambo ya ofisi aisaidie familia kuulizia masharti.

Pembe ya nne ni sauti. Mtoto wa Utoto Mtakatifu akifundishwa kumsalimia mwenzake kwa jina, hatamcheka shuleni. Na mtu akisema “laana” kilabuni au kisimani, Mkristo mmoja anatosha kusema, “Hapana, si hivyo.”

Wao pia hubeba

Tusidhani kwamba watoto hawa ni wa kubebwa tu. Mtume Paulo anafundisha kwamba viungo vya mwili vinavyoonekana dhaifu ndivyo vinavyohitajika zaidi (1Kor 12:22). Mwenyeheri Hermann wa Reichenau, mmonaki wa Ujerumani aliyefariki mwaka 1054, alikuwa na ulemavu tangu utoto, hakuweza kujisogeza bila msaada na alisema kwa shida. Aliandika juu ya nyota, hesabu, muziki na historia, na mapokeo humhesabu kuwa mtunzi wa “Salamu Malkia”. Kila tunapoisali mwishoni mwa Rozari, tunasali pengine kwa maneno ya mtu ambaye wengine walimlisha.

Mtakatifu Margareta wa Città di Castello, Italia, alizaliwa mwaka 1287 akiwa kipofu, mfupi na mwenye kuchechemea. Wazazi wake, watu wa cheo, walimficha, kisha wakamtelekeza mjini. Maskini wa mji ndio waliompokea majumbani mwao, naye akaishi akiwahudumia wagonjwa na wafungwa hadi kifo chake mwaka 1320. Baba Mtakatifu Fransisko alimtangaza Mtakatifu mwaka 2021. Wazazi waliomficha hatuwaombi watuombee. Binti yao ndiye tunayemwomba.

Kijana wa kigango kile sasa ni mtu mzima. Hukaa benchi la mbele, upande wa kwaya, na wimbo unapoanza hupaza sauti yake. Wageni hugeuka kutazama, wenyeji hawageuki. Nami, nikifika kwenye kigango chochote, kabla ya kuvaa mavazi ya Misa hutoka kwanza nje na kutazama chini ya miti.